Mshale Kwenye Skrini ya Mama Mkwe

Katika ofisi ya majani mabichi ya kiwanda chetu cha chai, mimi ndiye niliyekuwa mvushaji wa mausi. Cheo changu kilikuwa cha mpiga chapa, na kazi hiyo nilikuwa nimeisomea Kisumu mpaka vidole vikakakamaa. Lakini miaka ile ya mwisho ya tisini kazi iliyonitoa kitini tangu asubuhi ilikuwa kuushika mshale wa kompyuta na kuuvusha kutoka skrini ya kijana mmoja hadi skrini ya mama mmoja, kwa sababu kijana huyo alitaka kumwoa binti wa mama huyo.

Nieleze vizuri, maana hata mume wangu aliponisikia mara ya kwanza aliniwekea mkono kwenye paji la uso kuona kama nina malaria.

Kompyuta ilikuwa moja. Meneja alikuwa amechoshwa na ugomvi wa kilo: mkulima anasema majani yake yalikuwa kiasi hiki, karani anasema kile, na wote wanapandisha sauti dirishani pake. Akaamua kwamba mmoja ataingiza kilo kutoka vituo vya kununulia majani, na mwingine atasoma kila alichoingiza kabla hakijapita. Ndiyo maana mashine ile moja ikafungwa skrini mbili. Siku hizo ilikuwa ajabu. Wageni walioletwa kutembezwa kiwandani walionyeshwa mtambo wa kukaushia chai, kisha wakaletwa kwetu kuonyeshwa skrini mbili, na wakatikisa vichwa kwa adabu.

Kijana alikaa na kibodi na mausi. Alikuwa mtu wa Ndanai, mwembamba, viatu vyake viking'aa hata wakati wa matope, na Kericho matope ni karibu kila alasiri. Mama alikaa ubavuni pake na skrini yake, yenye orodha ya kila alichopiga kijana. Huyu alikuwa karani mkuu, mama wa Merigi, mkubwa kanisani, mfumaji wa sweta wakati wa chakula cha mchana, na mtu ambaye hata meneja aligonga mlango kabla ya kuingia kwake, ingawa ofisi ilikuwa ya meneja. Mimi nilikaa nyuma yao na taipureta yangu, mgeni kutoka ziwani, nikiona migongo yote miwili.

Mambo yalikuwa sawa mpaka binti wa mama, aliyekuwa chuo cha ualimu, alipokuja siku moja ya mvua kumletea mama yake mwavuli. Mwavuli ulifika. Kijana aliinuka kumpa msichana kiti, akakosa kuketi tena mpaka msichana alipoondoka. Mimi na migongo yangu miwili tukajua la kutokea.

Baada ya miezi watu wa kijana wakaenda Merigi kubisha hodi. Hawakukataliwa, hawakukubaliwa. Baba wa msichana, mtu mpole, alisema yeye hana neno, wamwulize mama. Mama akasema amesikia. Basi. Wakapewa siku nyingine ya kurudi, ile inayoitwa koito, siku ambayo upande wa mvulana huja kukaa chini na kupewa jibu. Tangu siku ile ya kwanza, kijana aliacha kumtazama mama.

Ni heshima ya Wakipsigis, na sisi wa ziwani hatuwezi kuicheka sana kwa kuwa kwetu pia mama mkwe anaogopwa. Tofauti ni kwamba kwetu mtu huyo yuko kwao na wewe uko kwako. Hawa walikuwa wamepangiwa meza moja. Kijana akawa anaingia akitazama dari. Akitaka kumwambia mama jambo, aliniambia mimi, nami nikalisema tena kwa sauti kubwa zaidi, ilhali mama yuko karibu naye kuliko mimi.

Kisha likaja suala la mausi. Orodha ya mama ilipojaa ilibidi ishushwe, na kuishusha lazima mshale utoke kwenye skrini ya kijana, upite ukingo, uingie kwenye skrini ya mama. Kila siku alikuwa akifanya hivyo bila kufikiri. Asubuhi ile ya kwanza alifika ukingoni, akasimama.

"Dada," akaninong'oneza, "nisaidie hapa."

"Kuna nini?"

"Sasa nitaingia aje kwa mama?"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Nikamwambia huo ni mshale tu, hauna miguu, hauna macho. Akasema mshale ni mkono wake, unakwenda anapotaka yeye, na mkono wake hauna ruhusa ya kuzurura mbele ya uso wa mama. Hakuwa anatania. Nikainuka, nikashika mausi, nikauvusha mshale, nikashusha orodha, nikaurudisha kwao. Na huo ukawa ndio mwanzo wa kazi yangu ya pili, ambayo hakuna aliyewahi kunipandishia cheo kwa ajili yake.

Kilichomkondesha kijana hata hivyo hakikuwa mausi. Kilikuwa mama mwenyewe. Mama hakuwa na habari na heshima hiyo yote. Alimwita kama zamani, "Wewe kijana, keuza hiyo," kwa ile g yake inayopenda kugeuka k, nami sina la kusema kwa sababu sh yangu nayo nimeiacha ziwani. Alimpa kalamu mkononi, ana kwa ana. Siku moja hata akampangusa vumbi la chai begani.

Mimi nikamwambia kijana, "Umeona? Anakupenda."

Akanitazama kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

"Dada, wewe hujui. Mama akishakuhesabu mkwe wake, anakukwepa. Hawezi kukugusa, hawezi kukuita hivyo. Huyu hanikwepi hata kidogo. Kwake mimi bado ni karani tu." Kisha akaongeza, "Na Jumamosi tunaenda."

Nilimhurumia sana. Nilikuwa nimezoea kumtania, na ghafla sikuwa na utani.

Juma hilohilo la koito ndipo programu ya kilo ikaanza kugoma. Kila mara kijana alipoingiza kilo za kituo fulani, mashine iliganda. Meneja akampigia fundi wa Nairobi aliyetufungia mashine, na fundi akasema hana haja ya kusafiri. Siku hizi, alisema, anaweza kuingia ndani ya kompyuta yetu kupitia waya wa simu na kuishika mausi yetu akiwa amekaa kwake. Meneja alitutangazia jambo hilo mlangoni kwa fahari, kisha akaenda zake asije akaulizwa swali.

Laini ya simu ilikuwa moja tu. Fundi akiingia nayo, hatuwezi kuongea naye. Ikiwa ana neno, ataliandika kwenye skrini. Kijana alichomeka waya, kikasikika kile kilio cha modemu, nasi tukangoja. Kijana aliweka mikono mapajani ili asiharibu kitu.

Mshale ukatikisika. Ukaamka wenyewe, ukateleza, lakini haukuteleza kwenye skrini ya kijana. Ulitokeza katikati ya skrini ya mama, kwenye orodha yake, ukaanza kugonga. Mstari mmoja ukageuka buluu. Orodha ikaruka juu, ikashuka chini.

"Wewe kijana," mama akasema, "unatafuta nini huku kwangu?"

Kijana akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, macho kwenye dari, na mshale ukaendelea kutembea. Sijawahi kuona mtu asiye na hatia akionekana mhalifu namna ile.

"Mwambie si mimi," akanisihi.

"Si yeye," nikasema.

"Naona mikono," mama akasema. "Lakini huyu anayetembea ni nani?"

"Ni fundi wa Nairobi."

"Fundi ametumwa kwa skrini ya kijana. Kwangu anafuata nini?"

Hilo hatukulijua. Baadaye ndipo nilielezwa, nami nalieleza kama nilivyolielewa. Kila skrini ina namba ambayo mashine imeipa, hii moja, ile mbili. Programu ya fundi nayo ilikuwa imeandika namba zake tangu siku alipotufungia. Picha iliyomfikia Nairobi ilikuwa ya skrini ya kijana, sawasawa kama alivyotaka. Lakini kila alipogonga, hodi yake ilipelekwa kwa kufuata zile namba za zamani, na namba za zamani zilikuwa zinaelekeza kwa mama. Yaani maskini yule aliona mlango mmoja na kubisha mwingine. Na kwa kuwa laini za simu wakati huo zilikuwa za kujikokota, alidhani ni mwendo wa kawaida: unagonga kwanza, picha itakuja ikipenda.

Basi akafungua ubao wa kuandikia, ukafunguka kwa mama. Herufi zikaanza kuja mojamoja, na mama akaweka sawa miwani yake.

NIKO NDANI. USIGUSE KITU.

"Anasema yuko ndani," mama akasoma. Akaona ni jambo la adabu, akatulia.

Herufi zikaendelea. Fundi na kijana walikuwa wamejuana tangu siku za kufunga mashine, na habari za Jumamosi fundi alikuwa nazo.

SEMA BWANA ARUSI. YULE MATHE

Nilikuwa nyuma yake na nilisoma pamoja naye. Nikaruka. Nikasema mama, chai imefika, twende tukanywe chai. Nikajisimamisha kati yake na skrini, na mwili wangu si mdogo, lakini mama alinisogeza kwa kiganja kimoja kama mtu anayesogeza pazia.

YULE MATHE MKALI AMELAINIKA AMA BADO ANAKAZA?

Nje gari la majani lilikuwa linarudi nyuma, turnboy, yule msaidizi wa dereva, akipiga bodi kumwongoza.

"Ameandika nini?" kijana akaniuliza, macho bado juu. Hakuweza kuangalia skrini ile. Heshima yake mwenyewe ilimfungia nje ya maangamizi yake.

"Anasalimia," nikasema.

"Mathe ni nani?" mama akauliza.

"Ni neno la vijana wa Nairobi, mama."

"Maana yake?"

"Mama."

"Mama gani?"

Nikaitazama kalenda ya ukutani kwa makini sana. Kijana alikuwa ameelewa. Niliona masikio yake yakibadilika rangi, na mikono ikashuka polepole kutoka kichwani.

Laini ikakatika. Mawingu ya Kipkelion yakianza kunguruma, simu zetu zilikuwa hazisubiri mvua ifike. Baada ya muda mfupi simu ya kawaida ikalia, na simu hiyo ilikaa upande wa mama. Mimi nilinyoosha mkono, mama akaniwahi.

"Haloo," akasema. "Mathe anaongea."

Nilikaa chini. Kutoka upande wa pili ikatoka sauti ndogo ya mtu anayeomba radhi kwa maneno mengi. Mama alimwacha amalize yote, hakumsaidia hata moja. Halafu akasema, "Hiyo tumemaliza. Sasa niambie kwa nini unakuja kwa skrini yangu."

Alisikiliza. Akafunika simu kwa kiganja.

"Anauliza ni nani alihamisha skrini. Anasema alipoweka, hii kubwa ilikuwa ya kijana na ile ndogo ilikuwa yangu. Ati mtu amebadilisha waya huko nyuma." Akamgeukia kijana, bado ana kwa ana. "Skrini zimehamishwa?"

Kijana alinitazama mimi kwa macho ya kuomba, akaninong'oneza, na alivyoninong'oneza ndivyo nilivyosema, nikijisahau katikati na kuanza kupandisha sauti.

Ile skrini ya zamani ya mama ilikuwa ndogo na ilikuwa inapepesa. Kila jioni alivua miwani na kujifuta macho. Skrini mpya kubwa ililetewa kijana kwa kuwa yeye ndiye mwenye kuchapa. Asubuhi moja aliwahi kabla ya watu, akabadilisha, kubwa kwa mama, ndogo inayopepesa kwake. Hakumwambia mtu. Angemwambiaje, na haongei naye?

Hapo nami nikakumbuka. Mama aliamini meneja ndiye aliyempa skrini ile kwa ajili ya ukubwa wake kazini. Alimshukuru mbele ya ofisi nzima. Alimletea kibuyu cha mursik kutoka nyumbani, maziwa ya kuganda yenye majivu mazuri, na meneja akakipokea na kukinywa bila kuuliza ni cha nini. Kibuyu kile kilipita mbele ya pua ya kijana, naye akaendelea kuchapa kilo. Nilikasirika. Nilitaka kwenda kumdai meneja mursik hiyo papo hapo.

Mama aliichukua simu tena, akamwambia fundi aendelee. Fundi akamwelekeza, mama akanielekeza, nami mvushaji nikashika mausi na kubonyeza pale mashine inapotakiwa itaje namba zake. Zikatokea kubwa, zimejaa skrini nzima: kwa mama moja, kwa kijana mbili.

"Kwangu ni moja," mama akamwambia fundi. Akasikiliza. "Hapana. Huku usibadilishe. Badilisha huko kwako."

Fundi akabadilisha huko kwake. Aliporudi kwa waya, mshale ulizaliwa kwenye skrini ya kijana na ukabaki humo kwa adabu zote mpaka programu ikapona. Hakuandika tena neno lolote.

Mama alikuwa amekaa muda huo wote, sindano za kufumia mkononi, hafumi. Kisha akainuka. Akakusanya kikapu chake, mwavuli, miwani. Hakumtazama kijana. Akanitazama mimi.

"Mwambie huyo," akasema, "asaidiane na watu wa stoo walete ile kabati ya faili hapa katikati. Na kiti changu kiende upande wa ukuta. Siwezi kukaa hivi tena."

Akatoka kwenda kunawa mikono.

Kijana aliinuka, akatoka kwa mlango wa pili. Nilimwona kupitia dirishani akisimama nyuma ya magari ya majani, kwenye manyunyu, viatu vyake vile vinavyong'aa ndani ya matope, hajali. Na mimi hasira zikanipanda. Nilimngoja mama mlangoni. Nimesema mambo mengi maishani bila kupima, na hilo lilikuwa mojawapo.

"Mama," nikasema, "huyu mtoto amekukosea nini? Maneno ni ya fundi. Yeye alikupa skrini yake akabaki anaharibu macho yake mwenyewe, na sasa unamwekea kabati usoni?"

Mama akanitazama kwa mshangao wa kweli. Akajifuta mikono taratibu.

"Huko kwenu ziwani," akaniuliza, "mama anakaa na mkwe wake namna hii, magoti chini ya meza moja?"

Alikuwa amesema mkwe. Na alikuwa amesema *mwambie huyo*. Tangu nianze kazi ile hakuwahi kumtumia mtu kumfikishia kijana neno; leo alikuwa amenituma mimi.

Nilitoka nikikimbia kwenye manyunyu bila mwavuli, na wakulima waliokuwa dirishani kwa meneja wakageuka kuangalia karani wa ziwani na unene wake akikimbilia magari. Nilimshika kijana mkono. Nikamwambia, "Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha, sasa umesahau? Amekukwepa! Amekukwepa, mjinga wewe!"

Alisimama akinitazama. Kisha akajifunika uso kwa mikono yote miwili, na mimi nikajifanya nakagua magurudumu.

Kabati ililetwa. Waya wa skrini ya mama haukufika ukutani, kwa hiyo tulivuta kabati, tukavuta meza, tukarudisha kabati, mpaka ikawa hakuna anayeweza kumwona mwenzake. Kijana akaketi. Mama akaketi. Mimi nilirudi kwenye taipureta yangu, nikifikiri walau jioni hiyo nitamaliza barua moja.

"Wewe dada," sauti ikatoka nyuma ya kabati.

"Naam, mama."

"Mwambie orodha imejaa."

"Orodha imejaa," nikasema.

Kijana alikuwa tayari ameniinulia mausi, anacheka, macho yake bado yana maji. Nikainuka nikaenda kuvusha.